Chupa ya Shibe

Majirani wanaamini mama huyu anaosha vyombo. Mtaa mzima unamwita Mama Sahani, na jina hilo limewatosha. Kila asubuhi hutoka na mkoba wake, jioni hurudi vidole vimesinyaa kwa kunawa, na akiulizwa anafanya kazi gani hujibu kwamba yeye ni mtu wa sahani. Hadanganyi. Ila sahani zenyewe ni za plastiki, hazizidi kiganja, na ndani yake anakuza misuli ya binadamu. Jaribu wewe kumwambia jirani kwamba kazini kwako mnakuza nyama ya watu sahanini, uone kama atakuja tena kula kwako.

Hata hivyo majirani hawakukosea sana. Miaka kumi na tisa iliyopita aliingia katika maabara ile kuosha vioo. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule, lakini macho alikuwa nayo. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye alibaki kutazama wataalamu wanavyoshika mirija, wanavyofungua mifuniko bila kupitisha mkono juu ya sahani, wanavyobana pumzi kabla ya kumimina. Siku moja mtaalamu mmoja hakufika, chakula cha seli kikapitiliza saa yake, na muosha vioo akavaa glavu akakibadilisha bila kutumwa na mtu. Profesa alipofika akakagua sahani moja moja kwenye hadubini. Mama wa watu alikuwa ameshafunga mkoba, anangoja kufukuzwa. Profesa akamwambia, "Una mkono mwepesi," akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuosha tena vioo, na maneno yale matatu aliyaweka moyoni akawa anayatoa kila alipochoka.

Kazi yenyewe haina uchawi. Pembeni mwa kila unyuzi wa msuli wako wewe unayesoma, chini ya utando wake mwembamba, zimelala seli ndogo zisizofanya lolote. Hazivuti, hazinyanyui, zipo tu, kama ndugu aliyekuja kusalimia akakaa mwaka. Lakini msuli ukichanika, hao wavivu ndio wanaoamka. Zinagawanyika, mbili, nne, nane, kisha zinaacha kugawanyika, zinarefuka, zinajipanga ubavu kwa ubavu, kuta zao zinafunguka na zinaungana kuwa mrija mmoja wenye viini vingi. Mrija huo ndio mwanzo wa unyuzi mpya.

Pale maabarani hupokea kutoka hospitali kipande cha nyama ya paja kisichozidi punje ya haragwe, cha mgonjwa wa upasuaji aliyekubali kukitoa. Hukikatakata, huzitoa zile seli zilizolala, huzimwaga sahanini. Hapo zinaingia chupa mbili, zote zina maji ya rangi ya waridi, na bila alama huwezi kuzitofautisha. Ya mkanda mwekundu wanaiita Shibe, kwa kuwa imejaa virutubisho vya damu ya ndama. Ya mkanda wa buluu wanaiita Njaa. Seli ikipewa Shibe haina haraka ya kukomaa. Inakula na kuzaana, basi. Ukitaka iwe msuli, iondolee Shibe uipe Njaa. Inashtuka, inaacha kuzaana, inashika kazi ya ukoo wake. Mama Sahani aliwaambia wanafunzi wote kwamba kosa la kila mgeni ni huruma: anaona seli zimekonda kwenye Njaa, anaziongezea Shibe, na kazi ya wiki nzima imeharibika.

Miaka mitatu iliyopita akaletewa binti wa kumfundisha. Binti alikuja na shahada yake, mrefu, mwenye kicheko kidogo, anayeamkia kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Alimwita "mama" tangu siku ya kwanza, wala si kwa kujipendekeza. Wa kwake alikuwa amefariki. Mama Sahani akamfundisha yote, hata yasiyo vitabuni: chakula kipashwe joto kwanza, sahani zisigongwe, mlango wa kabati la joto usukumwe kwa goti maana mikono ina kazi nyingine. Binti akashika upesi. Upesi mno, ukimwuliza mwalimu wake. Asubuhi moja katika mwaka wa pili, Profesa aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akamtazama binti, akasema, "Una mkono mwepesi." Kufika saa sita mchana maabara nzima ilikuwa inamwita Mwepesi.

Tuseme ukweli, hapo ndipo kijiba cha roho kilipoota. Mama Sahani hakulala vizuri siku ile, na siku zilizofuata akaanza kuona mambo ambayo hapo nyuma hayakumsumbua. Hadubini, ambayo miaka yote ilikaa kwa urefu wa macho yake, sasa aliikuta imenyanyuliwa. Wageni wakija, Profesa aliwapitisha kwanza meza ya Mwepesi. Wanafunzi waliokuwa wakimkimbilia yeye kwa swali, sasa walimkimbilia yeye kumwuliza Mwepesi yuko wapi. Hata kicheko kile kidogo kilianza kumkera. Akawa anajiuliza mtu anacheka nini mbele ya seli. Na kibaya zaidi, sahani za binti zilikuwa nzuri. Zingekuwa mbovu angempenda kama mwanawe.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Jioni moja mama akamwaga yote: binti hivi, binti vile, binti amepewa stuli yenye magurudumu. Mume alikuwa anaziba mpira wa tairi. Akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza gundi ikauke.

"Kwani wewe ulimfundisha ili ashindwe?" akauliza.

Mama Sahani akamwambia ashughulike na matairi yake. Lakini swali lile lilimchoma, kwa sababu jibu lake alilijua na halikuwa zuri.

Kisha kikaja chumba. Maabara ilipata chumba kipya cha seli, chenye mlango wa kioo, makabati mawili ya joto na nafasi ya msimamizi mwenye ufunguo. Kwa hesabu ya Mama Sahani, ufunguo ule ulikuwa wake tangu zamani. Alishazika hadubini tatu pale, alishawaona wakurugenzi wawili wanaingia na kutoka, nani mwingine? Profesa akasema atachagua kwa sahani, si kwa umri. Akaleta haragwe moja la nyama, akalikata katikati mbele yao wote wawili, nusu kwa mama, nusu kwa binti. Nyama moja, mikono miwili. Kila mmoja akuze sahani sita, mwishoni misuli iguswe kwa umeme hafifu na ipimwe inavuta kwa nguvu kiasi gani. Mshindi apewe ufunguo.

Wote wawili walikwenda sawasawa. Seli zilijaa, na Jumatano wakaziondolea Shibe wakazipa Njaa. Ijumaa jioni binti akavua koti lake, na kwa kuwa zamu ya Jumamosi ilikuwa ya mama, akamwachia sahani zake kama alivyomwachia siku zote. Hakuacha hata kikaratasi. Alisema, "Jumatatu, mama," akaondoka.

Jumamosi saa nne maabara haikuwa na mtu, ila friji likinguruma. Mama Sahani akaanza na sahani zake. Zilikuwa nzuri, mirija imeanza kuungana, mifupi mifupi, inaelekea huku na huku, lakini mizuri. Akazipa Njaa, akazirudisha. Kisha akaiweka sahani ya kwanza ya Mwepesi chini ya hadubini. Mirija ya binti ilikuwa mirefu, imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Akatazama ya pili, ya tatu. Zote hivyo hivyo. Akaona ufunguo katika mkono ule mrefu, akajiona yeye anabisha mlango wa kioo ili afunguliwe na mtoto aliyemfundisha kubisha.

Mkono wake ukachukua chupa ya mkanda mwekundu. Uliichukua kwa utulivu, na hiyo ndiyo aibu yake mpaka leo, kwamba haukutetemeka. Akazipa sahani zote sita Shibe, kosa lile lile alilowakataza wanafunzi miaka yote, na hakuna mtu ambaye angeweza kuona, maana rangi ni moja. Kwenye daftari la kazi la binti akaandika: Nimebadilisha chakula. Njaa. Saa nne na robo. Akatia sahihi.

Ikafika Jumapili. Mara mbili alivaa viatu aende kuziondolea zile sahani Shibe yote, mara mbili akavivua. Mume akamwuliza kama anaumwa. Akasema tumbo.

Jumatatu Mwepesi akaendelea na Njaa yake bila kujua lolote. Alhamisi Profesa akapima. Sahani za Mama Sahani zilivuta vizuri, kama zilivyovuta siku zote. Sahani za Mwepesi zilivuta mara mbili yake. Profesa akadhani mashine imeharibika, akarudia. Mara mbili tena. Chini ya hadubini mirija ilikuwa minene isivyo kawaida. Watu wakaja kutoka vyumba vya jirani. Mwepesi alisimama pale ameshika mdomo, halafu akamgeukia mama na kumkumbatia mbele ya wote, akisema hii ni kazi yako, mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Mama Sahani alikumbatiwa akiwa amekauka kama ubao. Ufunguo ukatolewa siku hiyo hiyo.

Wivu wa kabla ya hapo ulikuwa mchezo. Sasa alimwonea binti wivu hata wa bahati; aliona hata ubaya ukitumwa kwa mtoto huyu unafika umegeuka zawadi. Kila alipopita mlango wa kioo alitazama upande mwingine.

Lakini Profesa hakuwa mtu wa kufurahia kitu mara moja. Akaandika barua kwa wafadhili kueleza nguvu ile mpya, kisha akamtaka Mwepesi arudie. Mwepesi akarudia, mirija ikawa ya kawaida. Akarudia tena, kwa uangalifu wa kupitiliza, halali, hali. Ya kawaida tena. Minong'ono ikaanza. Wafadhili wakauliza maswali. Siku hizo binti alikonda, kile kicheko kikapotea, na mara kadhaa Mama Sahani alimkuta kwenye sinki la nyuma anafungulia maji ili asisikike analia. Alimwona, akachukua alichofuata, akatoka. Hatutaficha kwamba mara ya kwanza alitoka na faraja fulani kifuani.

Siku moja binti akamjia na daftari. Akamwomba wapitie mstari kwa mstari, huenda kuna kitu alifanya mwezi ule bila kujua. Wakapitia. Walipofika Jumamosi, kidole cha binti kikateleza juu ya mwandiko wa mama bila kusimama, kikaenda Jumatatu.

Hapo ndipo fundi ndani ya Mama Sahani alipoamka, maana wivu haukuwa umemla akili. Akayeyusha seli zilizobaki za lile haragwe, ambazo zilihifadhiwa kwenye barafu, akazikuza kimya kimya kwenye kona yake. Jumatano Njaa. Jumamosi Shibe. Jumatatu Njaa tena. Mirija ikawa minene. Akakaa juu ya stuli akatafakari, na jambo lote likamfungukia. Seli iliyokwisha kuamua kuwa msuli hairudi nyuma, hata uimwagie Shibe ya dunia nzima. Jumamosi ile zilizoungana zilikuwa zimeshaungana. Lakini katika kila sahani wapo wachache wasioungana, wanaojitenga pembeni kuwa akiba. Hao ndio waliokula Shibe wakazaana, na Njaa iliporudi hawakuwa na pa kwenda ila kujiunga na mirija iliyokuwepo, wakainenepesha. Alikuwa amemtilia binti mchanga kwenye kitumbua, mchanga ukageuka sukari.

Na mara wazo la pili likaja, tamu kuliko la kwanza. Hakuna aliyejua. Angeweza kuingia kwa Profesa na sahani hizi mkononi, aseme ametafuta, amepata. Mwepesi angebaki mtu aliyebahatisha mara moja, au mtu aliyepika tarakimu, na ufunguo ungerudi kwa mwenyewe. Asingelazimika hata kusema uongo mpya. Ule wa zamani ungetosha. Asubuhi iliyofuata akavaa gauni lake la vikao, akaziweka sahani mbili kwenye trei, akaenda.

Alimkuta Mwepesi tayari yumo ofisini, amesimama, na daftari liko wazi mezani. Profesa hakuwa amekasirika, na hilo lilitisha zaidi. Akampa Mama Sahani ishara aketi, akaendelea. Alikuwa anamweleza binti kwamba daftari linasema Njaa tangu Jumatano mpaka mwisho, na kwa Njaa tupu matokeo yale hayapatikani. Kwa hiyo, akasema, ama tarakimu si za kweli, ama kuna jambo lilifanyika na halikuandikwa. Akamwuliza ni lipi kati ya hayo.

"Nimeandika kila nilichofanya," Mwepesi akasema. "Sikuwepo Jumamosi tu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi alilisha mama. Hapo hakuna haja ya kuangalia. Mama hakosei."

Alisema hivyo bila kumtazama aliyekaa pembeni, kama mtu anavyotaja siku ya juma. Mama Sahani alikuwa ameshafungua mdomo kutoa hotuba yake ya ugunduzi. Trei ikawa nzito ghafla, akaiweka chini.

"Nilizipa Shibe," akasema.

Profesa akageuza kiti. Akauliza kama alichanganya chupa. Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa na mkubwa wake mwenyewe. Kuchanganya chupa ni jambo la uzee, angesamehewa kabla ya chai.

"Sikuchanganya. Nilitaka ziharibike. Niliziona ni nzuri kuliko zangu, roho ikaniuma, nikazipa Shibe kisha nikaandika Njaa. Huyu mtoto hajui chochote."

 Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Swali lake la kwanza lilikuwa saa ngapi hasa aliziweka, na zilikaa na Shibe kwa muda gani. Wataalamu ndivyo walivyo. Mama Sahani akajibu: saa nne na robo, mpaka Jumatatu saa tatu. Akamwonyesha sahani alizorudia, akaeleza habari ya zile seli za akiba, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu hata pale alipokuwa mshtakiwa. Profesa aliandika kurasa mbili. Alipomaliza kuandika ndipo alipomwambia kwamba atapata barua ya onyo kwa kuandika uongo kwenye daftari la mwenzake, na kwamba njia hiyo mpya itaandikwa kwa majina yao wawili, lake likitangulia. Yote mawili aliyasema kwa sauti moja.

Miaka kumi na tisa alitamani kuona jina lake juu ya karatasi ya utafiti. Alitoka ofisini nalo na hakujua aliweke wapi.

Mwepesi alimkuta kwenye sinki la nyuma, akafunga bomba lililokuwa linamwagika.

"Siku zile nilipokuwa nalia hapa," akauliza, "ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakihitaji, akarudi kwenye chumba chake cha mlango wa kioo.

Hawakugombana, si jana wala leo. Binti humwamkia kama zamani, humwuliza hali ya mzee wa baiskeli, na maswali magumu ya kazi bado huyaleta kwake. Njia yao inafanya kazi. Maabara nyingine zimeanza kuiomba. Lakini zamu ya Jumamosi inapomwangukia mama, saa nne kasoro Mwepesi naye hufika, kutoka upande wa pili wa mji. Huzitoa sahani zake, huzilisha kwa mkono wake, huandika kwa mwandiko wake, husema Jumatatu, mama, na kuondoka. Mama Sahani hubaki na za kwake.

Wivu haukumtoka, watu kama yeye hauwatoki, huhama tu. Mwepesi hamwonei tena, wala ufunguo wake, wala ile stuli ya magurudumu. Siku hizi anamwonea yule mwanamke mwingine, yeye mwenyewe wa kabla ya Jumamosi ile, ambaye Ijumaa jioni mtu alikuwa akivua koti na kumwachia sahani zake zote bila hata kugeuka nyuma.